Kumbe pale Askari Monument kulikuwa na Wissmann!

Jana nimekaa nasubiri mtu pale Posta, karibu na sanamu ya askari, mzee mmoja akaniuliza kijana unajua hapo kabla yake alisimama nani? Nikasema sijui. Akacheka kidogo, akasema Wissmann.

Yaani yule Mjerumani aliyeletwa 1889 na askari wa kukodi, Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji, kuja kuzima vita ya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, akapiga miji ya pwani kwa mizinga, na Desemba mwaka huohuo Abushiri akanyongwa Pangani. Halafu 1909 wakamwekea sanamu hapahapa Dar, chini yake askari mweusi anamwangalia juu kama anaangalia mungu (hii ndo imeniuma zaidi, sijui kwa nini).

Waingereza walipokuja wakaing'oa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa hukohuko Ujerumani ndo wakaiangusha 1968.

Mi hapo nimepita miaka na miaka nawaza daladala tu. Mzee kaondoka hata jina sijamuuliza.