Nilivyotibiwa "susto", ugonjwa wa kushtuka, Meksiko, na mkono nilioubabua kabla ya hapo

Anayekwambia hofu ya tetemeko la ardhi huisha yenyewe, muulize siku hiyo alikuwa ghorofa ya ngapi. Mimi nilikuwa ya nne, mtaa wa Roma, jijini Meksiko, tarehe 19 Septemba 2017. Saa 5 asubuhi tulikuwa tumeshafanya zoezi la kujiokoa la kila mwaka, la kukumbuka tetemeko la 1985 lililopiga tarehe hiyohiyo. Saa 7:14 mchana ardhi ikatikisika kweli, kipimo 7.1. King'ora ambacho kwa kawaida hutangulia, siku ile kililia pamoja na mtikisiko, kwa kuwa chanzo kilikuwa karibu, upande wa Puebla na Morelos. Mimi nikanasa ngazini kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, nimekumbatia chuma, plasta inanimwagikia kichwani.

Nilitoka bila hata mkwaruzo. Watu zaidi ya 360 walikufa siku ile, kwa hiyo niliona aibu kusema naumwa. Lakini kwa miezi minne sikulala. Lori likipita nje, niko mlangoni. Chakula hakipiti. Daktari alipima damu na moyo, vyote safi, akanipa vidonge vya usingizi. Nikawa nalala na kuamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Ushauri sasa! Jirani yangu aliniletea mkate siku ileile, bolillo, kale kamkate kadogo wanakokula wenyeji wakishtuka. Huyo simlaumu, tumbo lilitulia kidogo. Mama yangu kutoka Bagamoyo alinisihi nisome kisomo na nisithubutu kukanyaga kwa waganga. Binamu yangu akasema nimerogwa. Hilo liliniudhi sana. Nani aniroge mimi mpaka avunje majumba ya watu wasionijua? Mbaya zaidi ni bwana mmoja mwenye chumba cha mishumaa, sitapataja, ambaye hata jina hakuniuliza. Akasema picha yangu imezikwa makaburini, na kuifukua ni peso elfu nane hivi. Nilinyanyua mkoba wangu nikaondoka.

Aliyeniambia neno la maana ni mama muuza tamales, vile vyakula vya unga wa mahindi, wa kona yetu. Aliniangalia usoni akasema, "Wewe una susto." Kwao huo ni ugonjwa wenye jina lake. Wanahua wa kale, wenyeji wa asili wa Meksiko, waliamini mtu ana tonalli, joto la uhai linalokaa hasa kichwani, na kwamba kishindo kinaweza kulitoa mwilini. Basi mtu anabaki kama nyumba iliyohamwa. Wala si habari ya juzi: mwaka 1552, pale Tlatelolco, mganga wa Kinahua Martín de la Cruz alitunga kitabu cha mitishamba, Juan Badiano akakigeuza Kilatini, na ndani yake mna dawa ya mtu aliyeingiwa na hofu.

Nikaamua kujifanyia mwenyewe limpia, yaani kujisafisha kwa majani. Nilikwenda soko la Sonora, lile lililofunguliwa 1957, ambako upande wa mitishamba mafungu yamepangwa hadi juu ya kichwa chako. Nikanunua majani ya ruda, ya mti wa pirul na albahaca, vyote kwa hela ya nauli tu. Albahaca ni mrehani wetu. Niliunusa palepale sokoni nikamkumbuka bibi.

Nilipanda juu ya paa, kwenye kamba za nguo, saa sita mchana, nipate faragha. Nikaisaga ruda viganjani mpaka utomvu ukatoka, nikajipaka mikono yote miwili na shingo, nikakaa juani kama saa nzima nikisubiri wepesi. Sikuona wepesi wowote. Kesho yake ngozi ikawa nyekundu. Siku ya tatu mkono wa kulia, kuanzia kifundo hadi kiwiko, ulijaa malengelenge kama nimemwagikiwa mafuta ya moto. Daktari wa ngozi alinieleza kwamba utomvu wa ruda ukikutana na jua unababua. Alama zake zilikaa miezi. Muuzaji hakunieleza, na wala hakuniuliza kama nina mimba, ilhali mja mzito hatakiwi kuigusa midomoni, kwani inaweza kuiharibu mimba. Na ukiletewa unga wa rangi ya chungwa uitwao azarcón kwa ajili ya tumbo la mtoto, utupe. Ule ni madini ya risasi, ni sumu.

Yule mama wa tamales aliuona mkono, akanipeleka Xochimilco, kusini mwa jiji, kwa shangazi yake, bibi wa miaka sabini na ushee. Tulikwenda Ijumaa, maana limpia hupendelewa Jumanne na Ijumaa. Karibu saa nzima bibi hakunigusa. Aliniuliza nalalaje, naota nini, nimekwenda hospitali au la. Kama singekuwa nimekwenda, alisema, angenirudisha. Akaushika mkono wangu: "Ruda na jua." Hakuhitaji kuambiwa! Akanionyesha kwamba fungu linapitishwa juu ya nguo, halisuguliwi kwenye ngozi.

Kisha akatia makaa kwenye chetezo cha udongo, akadondosha vipande vya copal, utomvu mkavu wa mti unaofukizwa. Moshi ule uliponifikia nililia, mara ya kwanza tangu Septemba. Ilikuwa harufu ya sandarusi! Bibi yangu alikuwa akitupia kipande kwenye makaa jioni, kufukuza mbu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba neno copal ni la Kinahua, copalli, na wafanyabiashara waliichukua sandarusi iliyochimbwa ardhini pwani yetu na kupitishwa Zanzibar, wakaipa jina hilohilo la Meksiko. Miti ni tofauti kabisa, lakini pua yangu haikutaka kujua.

Akanifagia kwa pirul, ruda na maua mekundu ya claveles, kutoka utosini hadi nyayoni, akisoma Kredo, sala ya imani ya Wakatoliki. Mimi kimoyomoyo nikasoma Kul-audhu zote mbili. Alinipulizia pombe usoni ghafla nikaruka. Akanipitishia yai mwili mzima, akalivunja kwenye glasi ya maji. Nyuzi nyeupe zikapanda kama sindano, naye akazitazama kimya. Sitadai niliona alichokiona yeye. Ninachojua ni kwamba njiani kurudi nilisikia njaa.

Nilirudi Ijumaa mbili nyingine. Hana bei, unaweka unachoweza. Mimi niliweka kama peso mia tatu kila mara, na hakuhesabu. Ila usingizi ulikuwa bado nusu, akasema kivuli changu kimebaki ngazini na lazima kikaitwe palepale. Jengo lilikuwa limeshakarabatiwa, wahandisi wamelipitisha, lakini mimi nilikuwa nimehama na sikuwahi kurudi. Bibi akapanda basi pamoja nami.

Kwenye ngazi zile miguu ilinikataa. Alipiga kidato kwa majani mara tatu, akaita jina langu na kusema "vente, njoo, usibaki hapa." Lakini jina langu lilimshinda ulimi, na kila akilikosea nilihisi anaitwa mtu mwingine. Akaniuliza nani aliyezoea kuniita nyumbani nikiwa mtoto.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na mpaka leo najivunia. Nilimpigia mama, ambaye kwao ilikuwa usiku, nikamwomba anirekodie ujumbe wa sauti akiniita kama zamani, nilipokuwa nikicheza ufukweni na magharibi imeingia. Hakuuliza kwa nini. Ujumbe ukafika. Nikaweka sauti hadi mwisho, simu nikailaza kwenye kidato:

"Wee Mwanaidi! Njoo mwanangu, njoo nyumbani, giza hilo!"

Ngazi nzima ikavuma. Bibi hakuelewa Kiswahili hata neno moja, lakini alifumba macho akapiga majani kwa kila mwito. Tuliurudia mara tatu. Kisha nikashuka mwenyewe, ghorofa ya tatu mpaka chini, bila kushika chuma.

Usiku ule nililala kuanzia saa tatu mpaka jua lilipochomoza. Baadaye nilimweleza mama kila kitu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nilikuwa nimesoma Kul-audhu. Nikamwambia nilisoma.

Tarehe 19 Septemba 2022, siku ileile tena, king'ora kikalia, kipimo 7.7. Nilishuka ghorofa tatu nimembeba mtoto wa jirani, nikamkabidhi kwa mama yake barabarani, kisha nikaenda kumtafutia bolillo.