Mtutu Uliogoma Siku Tatu

Mjomba aliponiachia ile bunduki, M1917 ya enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, aliniachia na kutu yake. Kwa nje ilipendeza, mbao zimeng'aa kwa kushikwa. Kwa ndani, ukiuelekeza mtutu kwenye taa ukachungulia, ungedhani unatazama bomba kuukuu la maji. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta unyevu. Usipousafisha kwa maji siku ileile, umeshauua. Mjomba hakuwa mtu wa kusafisha kitu siku ileile.

Kibali nilikuwa nacho, mtutu mpya nilikuwa nao. Kubadilisha tu. Mtutu umeingizwa kwa meno kwenye kile chuma kinachobeba komeo, yaani mwili wa bunduki, na hufunguka kinyume cha saa kama boliti yoyote. Kazi ya jioni moja, nilimwambia shemeji yangu.

Nilichonga vipande viwili vya mbao ngumu, nikaubana mtutu katikati yake kwenye jiliwa, nikafunga spana kubwa kwenye mwili wa bunduki, nikavuta. Ukageuka! Nilifurahi kwa sekunde moja hivi, mpaka niliposikia harufu ya mbao inayoungua. Bunduki nzima ilikuwa ikizunguka ndani ya mbao, mtutu na mwili wake pamoja kama ndugu. Nikanyunyiza unga wa ulimbo mkavu, ule ambao wapiga fidla hupaka kwenye upinde. Safari hii mbao zilishika. Meza ndiyo iliyoinuka.

Siku ya pili niliamkia mafuta ya kulegeza kutu, nikayaacha yanywewe mpaka jioni. Spana nikaiongezea bomba la mita moja na nusu. Shemeji akapanda juu ya meza awe uzito, naye uzito anao.

"Vuta, shemeji, mie nimekaa!"

Nilivuta mpaka nikaona nyota. Hapo nikaifuata tochi ya gesi, nikaiwasha kabisa, nikabaki nimeishika tu. Chuma cha mwili wa bunduki kiwandani kilipashwa na kupozwa kwa kipimo ili kipate ugumu wake. Ukikibabua ovyo unaulegeza, na ndicho kinachosimama kati ya mlipuko na macho yako. Nikaizima. Nyundo nayo niliiogopa: bunduki za aina hii zinajulikana kwa mitutu iliyokazwa kupita kiasi, na mwili wake unaweza kupata ufa wakati wa kufungua.

Siku ya tatu sikugusa spana. Nilivuta kigoda nikakaa nikiitazama ile mistari miwili midogo iliyogongwa kwa patasi, mmoja kwenye mtutu, mmoja kwenye mwili, imekutana sawasawa. Ndipo nikaona upumbavu wangu. Kutu ilikuwa ndani ya mtutu, kwenye meno haikuwepo. Kilichokuwa kimeng'ang'ania ni bega la mtutu, lililokandamizwa kwenye uso wa mwili kwa nguvu za kiwandani. Nilikuwa nikiuhurumia mtutu ambao tayari ni maiti.

Nikachukua msumeno wa chuma. Milimita mbili mbele ya kiungo, nikakata mfereji kuzunguka mtutu wote, kidogo kidogo, kina cha milimita tatu hivi. Bega likikosa chuma cha kulisukuma kutoka mbele, haliwezi tena kukandamiza. Iliuma kidogo kukata kitu cha mjomba, sitaficha.

Tukarudi kwenye nafasi zetu. Nilivuta kwa nguvu zilezile za jana, kosa langu, maana mtutu uliachia kwa mlio mfupi mkavu na mimi nikaenda na bomba mpaka ukutani. Mizunguko iliyobaki niliimaliza kwa mkono. Meno yalitoka yakimetameta, na grisi ya zamani juu yake, nyeusi na laini.

Nilipangusa mwili wa bunduki kwa mafuta ya taa, nikaukausha, nikaupaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Nilisubiri nikiwa nimeinama, pua karibu iguse chuma. Dakika tano. Kumi. Nyeupe tupu.

"Shemeji," sauti ikatoka juu ya meza, "nishuke sasa?"