Roki ya Kilatini jukwaani Dar: gitaa ni kazi ndogo

Roki ya Kilatini ikitajwa, watu wanawaza gitaa la Carlos Santana, na mwandaaji shoo anaanza kuhangaikia ampu. Ampu zipo mjini. Kinachoharibu usiku ni tumba na kinanda.

Tumba ina mtego hata kwenye jina. Kwenye dansi letu, ngoma zote ndefu za kupigwa kwa mikono ni tumba, basi. Bendi ya Kilatini ikiandika kwenye orodha yake "quinto, conga, tumba", imetaja ngoma tatu tofauti: quinto ndiyo ndogo, kama inchi 11 mdomoni, conga inakaribia 12, tumba ndiyo nene, inchi 12 na nusu hivi. Ukikodi mbili zinazolingana, mpigaji anakosa sauti za kujibizana. Timbales nazo ni habari nyingine: ngoma mbili za bati, inchi 14 na 15, ngozi upande wa juu tu, zinapigwa kwa fimbo, na kengele imefungwa hapo katikati. Usimwambie mtu atumie tomu za dramu. Bendi ya Santana ilipopiga Accra Machi 1971 ilikuwa na Willie Bobo jukwaani, mkongwe wa timbales. Ukubwa wa kazi hiyo ndio huo.

Ngozi halisi na hewa ya Dar haziivi chungu kimoja. Jioni karibu na bahari ngozi inavuta unyevu na kulegea. Ikiachwa juani saa 9 alasiri inakauka, sauti inapanda, na kama ilikuwa imekazwa sana inachanika. Ngoma zikae kivulini, zikazwe nusu saa kabla ya kupanda jukwaani. Nati zizungushwe robo robo, moja baada ya nyingine kufuata duara. Ukiimaliza moja kwanza, pete inayoshika ngozi inalala upande na ngozi haikai sawa tena. Shoo ikiisha, zilegezwe usiku huohuo. Masika waulize wakodishaji kama wana ngozi za plastiki. Utamu unapungua kidogo, ila hazihami sauti.

Kila ngoma na maiki yake, sentimita 10 hadi 15 juu ya ukingo. Fundi mitambo akikata sauti za chini, aishie 80 Hz, yaani mitetemo 80 kwa sekunde. Akipanda hadi 200, tumba inalia kama kopo la rangi.

Sasa kinanda. Ule mlio mzito wa bendi ya Santana ya mwanzo, Gregg Rolie akiwa kwenye kinanda, ni wa Hammond, ogani ya umeme. Ndani yake mna visahani vya chuma vinavyozungushwa na mota, na kasi ya mota hiyo inafuata Hz za umeme, yaani mawimbi yake kwa sekunde. Marekani ni volti 120, Hz 60. Kwetu ni 230 na 50. Watu wanaleta transfoma ya kushusha volti wanadhani wamemaliza, kumbe transfoma haigusi Hz. Kinanda kinawaka vizuri kabisa, kisha kinaimba chini kwa nusu-toni (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda) tatu na ushee: unabonyeza A, inatoka F shapu iliyolegea. Bendi nzima haiwezi kushusha nyuzi kukifuata.

Dawa ni mashine ya kubadili Hz, au kinanda cha kisasa cha kidijitali chenye maandishi "100–240V, 50/60Hz" mgongoni. Omba picha ya maandishi hayo kabla ya kusaini mkataba. Ampu zao nazo zikaguliwe hivyohivyo: ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja ukutani, fyuzi inakatika, na ukiwa na bahati mbaya unaungua moyo wake, transfoma ya ndani.

Hata Hammond ya Hz 50 inaweza kukuumbua kwenye jenereta. Taa zote zikiwaka kwa mpigo mmoja, jenereta inalemewa na kushuka hadi 48, na kinanda kinashuka zaidi ya nusu ya nusu-toni katikati ya solo. Taa zipewe jenereta yake.