Land Rover ya zamani: bei ya haki huanzia kwenye chasisi

Kila mara mtu anaponionyesha picha za Land Rover Series III inayouzwa na kuniuliza kama bei yake ni ya haki, nami humuuliza kwanza kama amelala chini ya gari hilo akaiona chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Picha karibu zote hupigwa kwa ubavuni, bodi imepigwa rangi mpya ya kijani, matairi yanang'aa, na bei imepangwa kwa kufuata sifa ya jina kuliko hali ya chuma. Nayapenda magari haya kwa dhati, na inaniuma kumwona mtu anayeyapenda kama mimi akimaliza akiba yake kwa gari ambalo litakuwa mgeni wa kudumu wa gereji.

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma kutokana na vita, na kwa hiyo kampuni ya Rover iliunda sehemu kubwa ya bodi kwa aluminiamu na kuiweka juu ya fremu ya chuma. Muundo huo uliendelea hadi Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Kwa kuwa aluminiamu haishiki kutu nyekundu, gari lenye umri wa miaka 40 na zaidi laweza kupendeza kwa kupigwa rangi tu, ilhali chasisi yake inaoza kuanzia ndani, kwa sababu imeundwa kwa maboksi yenye uwazi yanayohifadhi matope na maji. Penye unyevu wa chumvi hali huwa mbaya zaidi, kwani hapo aluminiamu inapogusana na chuma nayo hulika na kuacha unga mweupe. Ndiyo maana, yakiwa mawili yanayofanana kwa sura, mimi huwa tayari kulipa zaidi kwa lililoishi Dodoma kuliko lililoishi Tanga.

Nyundo ndogo inatosha kuanzia. Gonga taratibu boriti ya nyuma, kisha mahali springi zinaposhikiliwa, kisha mikono inayotoka pembeni mwa chasisi kubeba bodi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na wakati mwingine hubonyea. Panda ndani, inua zulia, utazame sehemu ya kuwekea miguu kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, kwa kuwa ukuta huo ni wa chuma nao huoza. Viraka si aibu kwa gari la umri huu, lakini kiraka juu ya kiraka kinaonyesha kwamba chuma cha kuchomelea kimekwisha. Nikikuta lami mbichi imepakwa chasisi nzima wiki ileile gari linapotangazwa, hesabu yangu huichukulia chasisi hiyo kuwa mbovu mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Injini hainitishi kiasi hicho. Ile ya petroli ya lita 2.25 ni rahisi kufunguliwa, mafundi wengi wanaijua, na moshi wa buluu au presha ndogo ya oili injini ikiwa ya moto ni kasoro unayoweza kuipigia hesabu siku hiyohiyo. Kwenye gia boksi, zingatia kwamba Series III inapaswa kuingia gia zote za mbele bila kelele, wakati ndugu yake mkubwa, Series IIA, kwa asili yake hulalamika ukirudi gia ya pili au ya kwanza bila ustadi. Si haki kumkata bei muuzaji kwa tabia ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Suala gumu ni injini iliyobadilishwa. Magari mengi ya aina hii katika nchi zetu yamewekewa injini za dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu, na thamani yake hutegemea mnunuzi ni nani. Anayetaka kwenda shambani kila siku atafurahia kupata spea kila mji, naye anayetaka gari la kumbukumbu amepoteza kitu ambacho hakirudi kwa urahisi. Kwa vyovyote vile, namba ya injini na ya chasisi zisomwe kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi ya gari kabla ya kutaja bei yoyote. Kadi isiyolingana na chuma huniondoa kabisa kwenye mazungumzo, kwa sababu hakuna punguzo linalofidia gari usiloweza kulihamishia jina lako.

Njia yangu ya kukokotoa ni hii: naanza na bei ambayo gari la aina hiyo, lililo tayari kutembea, limeuzwa kweli, si lililotangazwa, kisha natoa gharama za kulifikisha gari hili kwenye hali hiyo. Bei za Ulaya sizitumii, kwani huko kuna soko la wakusanyaji, na kuleta gari kuukuu Tanzania kunavuta ushuru wa uchakavu. Kenya, kwa upande wake, haipokei magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8.

Binamu yangu alipotaka kununua Land Rover 109, ile ndefu, huko Moshi, mzee mwenye gari alitaka milioni 18. Tulijua kwamba lililo zima la aina hiyo lilikuwa limeuzwa milioni 20 mjini Arusha. Fundi tuliyekwenda naye alikadiria milioni 3.5 kwa nusu ya nyuma ya chasisi, milioni 1 kwa ukuta wa mbele, na milioni 1.2 kwa breki na bushi za springi. Ikabaki milioni 14.3, nasi tukatoa milioni 1.5 nyingine kwa yale yatakayoonekana bodi ikishanyanyuliwa, kwa sababu siku zote kuna yanayoonekana. Binamu akamwamkia mzee, akamwomba ainame pamoja naye kutazama boriti ya nyuma, akamsomea makadirio ya fundi moja baada ya jingine, bila kulikashifu gari ambalo mzee yule alilitunza kwa miaka mingi, kisha akataja milioni 12.8. Mzee alibisha juu ya breki, kwa kuwa alikuwa amebadilisha silinda za mbele na risiti alikuwa nazo, na alikuwa na haki. Walikubaliana milioni 13, mkataba wa mauziano ukaandikwa mbele ya wakili, na pesa zikapitishwa benki.