Mgomba wangu wa Leeds umeamka tena

Leo asubuhi nimetoka nje na chai mkononi nikakuta mgomba umetoa jani, lile la kwanza kabisa linalokuja limejikunja kama mkeka, kijani kibichi, limechomoza katikati ya kisiki ambacho tangu Novemba kilikuwa kama gogo tu la kutupwa. Nimesimama pale mpaka chai ikapoa. Huu ni mwaka wa nne tunavuka winta pamoja hapa Leeds, Uingereza, na kila anayekuja nyumbani lazima aulize nafanyaje, so leo nimeamua kuandika yote.

Kwanza tuelewane, huu sio mshare wala kimalindi, ile migomba ya kwetu ya ndizi za kula. Ukichukua chipukizi la mshare Marangu ukalipanda nje huku, ikifika Desemba hakuna kitu. Wangu unaitwa Musa basjoo, asili yake kusini mwa China ila wenyeji wa huku wanauita mgomba wa Kijapani kwa sababu Wazungu waliufahamia Japani. Ndizi zake haziliwi, ni vidogo vidogo na mbegu zimejaa. Lakini majani ni yale yale jamani, na mimi nimekulia chini ya majani hayo, mvua ikipiga usiku nasikia sauti ya kwetu kabisa.

Mwaka wa kwanza nilikaribia kuupoteza. Niliupanda Mei, mche wa futi moja, mpaka Septemba ulikuwa unanifika kifuani. Novemba ilipoingia nikauogopea baridi, nikauzungushia nailoni kuanzia chini mpaka juu, nikakaza kamba, hata upepo haupiti, nikaridhika kabisa kwamba nimeuvalisha vizuri. Aprili nafungua, harufu hiyo! Shina limelegea, ukibonyeza maji ya kahawia yanatoka. Nikakaa chini pale pale nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona sauti hivyo?"

Nikamwambia mgomba umekufa. Akaniuliza, "Umekata mpaka chini?" Nikasema hapana. "Sasa umejuaje umekufa? Hilo sio shina mwanangu, ni maganda ya majani tu yameshikana, mgomba wenyewe uko ardhini. Chukua panga ukate mpaka uone nyeupe."

Panga sina, nikachukua kisu cha mkate. Kipande cha kwanza uji mtupu, cha pili hivyo hivyo, cha tatu kikawa na rangi ya chai ya maziwa, nakata huku naomba Mungu, nilipobakiza kama sentimita 15 kutoka kwenye udongo nikakuta nyeupe, ngumu, duara ndani ya duara kama kitunguu, na katikati kabisa kidoti cha kijani. Nikaacha hapo. Baada ya siku chache kile cha katikati kilikuwa kimepanda juu ya wenzake, kimo cha ukucha hivi, wakati maduara mengine yote yamebaki pale pale kisu kilipopita. Ndio nikajua upo hai.

Kilichotaka kuuua hakikuwa baridi, yalikuwa maji. Yanatuama juu pale majani yanapotokea, yanapenya katikati ya maganda, yakiganda yanapasua kila kitu na yakiyeyuka panaoza, na ile nailoni yangu ilikuwa inazuia pasikauke. Sasa hivi nasubiri barafu ya kwanza ichome majani yawe meusi, hapo hata usihangaike, nakata majani yote, naacha shina kama mita moja na nusu, nasimamisha nguzo nne, nazungushia waya wa kuku, humo ndani najaza majani makavu ya ngano mpaka juu ila bila kushindilia sana. Juu naweka kipande cha bati la plastiki kimeinama kidogo mvua iteleze, pembeni naacha wazi upumue. Chini namwaga majani ya miti ya mtaani, yale yanayodondoka oktoba, kina cha futi moja hivi. Msimu uliopita usiku mmoja ilishuka hadi -6 na haukuguswa.

Kuufungua ndio kunataka subira, maana jua la Machi linadanganya sana, mimi nafungua katikati ya Aprili na kitambaa cha flisi nakiweka karibu mpaka katikati ya Mei, usiku ukitangazwa baridi naufunika.

Kwenye chakula mama alishasema mgomba unakula kama ng'ombe. Sina zizi, kwa hiyo natumia mbolea ya kuku ya vidonge, majani yanayofyekwa kwenye lawn, majivu ya kuni kwa jirani, na maji mengi sana, basi Juni mpaka Agosti karibu kila wiki jani jipya.

Halafu kuna kitu kinanifurahisha. Ile ndizi ya supamaketi inayouzwa kila kona ya Ulaya, Cavendish, jina limetokana na familia yenye jumba la Chatsworth kule Derbyshire, mtunza bustani wao Joseph Paxton aliikuza ndani ya nyumba ya vioo miaka ya 1830. Sio mbali na hapa. Sisi wa migomba tuna historia yetu kwenye baridi hii hii.

Ukiona ule mwekundu mnene unauzwa, ule ni Ensete, ndugu yake wa Afrika, Waethiopia wanakula tunguu lake, lile gimba la ardhini, ila ule usiuache nje kabisa, chimba kabla ya barafu, ugeuze kichwa chini maji yatoke, uweke stoo pakavu.

Mwaka huu wangu umetoa watoto wanne. Mmoja ni kama sime hasa, jani jembamba limechongoka, huyo ni wa dada mmoja wa Bukoba anayekaa Bradford, ameshachimba shimo na amesema jani likitosha tu anafunikia matoke. Likifika goti langu namchimbulia na kipande cha tunguu, nampelekea mwenyewe.