Nilivyofika Mandvi, Mji Nilioambiwa Hauna Kitu

Kila niliyemwambia hapa Mombasa kwamba ninakwenda India kutembea, wala si kutibiwa, alinitazama kana kwamba ninaficha ugonjwa. Niliposema kwamba mji wenyewe ni Mandvi, katika wilaya ya Kachchh, jimbo la Gujarat, walionihurumia walianza kunielekeza Goa na Agra, kwa hoja kwamba Mandvi hakuna kitu. Marehemu babu yangu alikuwa mchukuzi katika Bandari ya Kale, na baadhi ya kotia, yale majahazi ya Kihindi, alizozipakua msimu wa kaskazi zilitoka huko, kwa hiyo sikuona haja ya kutafuta sababu nyingine.

Viza sina la kusema juu yake, kwani huombwa mtandaoni, na yangu ilitoka baada ya siku mbili tatu. Cheti cha homa ya manjano ndicho ambacho wengi hukikumbuka wakiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, ilhali sindano inapaswa kuchomwa siku 10 kabla ya kufika, na anayetoka Kenya bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Majira nayo nilichagua mwenyewe, Desemba, kwa sababu Mei joto la Kachchh hupita nyuzi 40, na kuanzia Juni mvua za kusi huingia.

Kosa langu kubwa lilikuwa la treni, nami nitalieleza kwa urefu kwa kuwa lilinipotezea usiku mmoja pamoja na heshima yangu. Mandvi haina reli. Stesheni ya karibu iko Bhuj, mwendo wa kilomita 60 hivi, na kutoka Mumbai kuna treni ya jioni, Kutch Express, inayofika Bhuj asubuhi. Wakala mmoja alinihakikishia kwamba mambo ya treni za India hayawezwi na mgeni, akaniuzia tiketi kwa bei ambayo baadaye niligundua ingetosha watu watatu. Juu yake iliandikwa WL 23. Nilimwonyesha mke wangu kwa fahari: behewa la WL, kiti cha 23.

Mumbai nilishuka Bandra, katika stesheni ya treni za mjini, nikidhani nimefika. Kumbe treni za mbali huondokea Bandra Terminus, ambayo ni stesheni nyingine kabisa, na kati ya hizo mbili kuna mwendo wa kumtoa jasho mtu aliyebeba begi la kilo ishirini na kitu, nusu yake zawadi. Nilifika nikihema, nikaanza kutembea kando ya treni nikisoma behewa moja baada ya jingine, nikitafuta lililoandikwa WL, mpaka nikafika kwenye injini. Nikarudi nikalitafuta upya. Mkaguzi wa tiketi, mzee mwenye adabu sana, aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, nadhani ili asicheke, kisha akanifahamisha kwamba WL ni orodha ya kungojea, na kwamba tiketi ya mtandaoni ambayo bado imo katika orodha hiyo wakati majina ya abiria yanapofungwa hufutwa yenyewe, na fedha hurudi kwa aliyelipa. Aliyelipa, bila shaka, alikuwa wakala.

Asubuhi yake nilipata kiti katika treni ya Ahmedabad, mji mkubwa wa Gujarat, na treni hizo ni nyingi kila siku, na jioni nikapanda basi la kulala hadi Bhuj. Basi hilo lina vitanda vya juu na vya chini vyenye mapazia. Chukueni cha chini, kwani mimi nilikuwa juu na kila tuta nililihesabu kwa paji la uso. Hata hivyo, kama ningepanga upya, ningeruka hadi Ahmedabad moja kwa moja na kuiacha Mumbai. Tiketi ya treni ya kurudi niliinunua kwa msaada wa mwenye nyumba niliyofikia, ikiwa imethibitishwa, kwa kama shilingi elfu mbili za Kenya. Mauzo hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na mwenye haraka asingoje wiki ya mwisho.

Kituo cha mabasi cha Bhuj ndipo nilipojikomboa. Vibao vya mabasi viliandikwa kwa herufi za Kigujarati tupu, na kila niliyemwuliza alinyoosha mkono upande wake. Nilimwomba muuza chai aniandikie neno Mandvi nyuma ya tiketi ya basi la usiku, nikaishika karatasi ile kama hirizi na kuilinganisha na kibao cha kila basi lililoingia, alama kwa alama. Basi la nne lilikuwa ndilo. Nauli haikufika rupia mia, nami niliketi dirishani nikijiona msomi.

Nyumba ya kwanza ya wageni ilinikataa kwa upole, na mwanzoni nilidhani ni rangi yangu. Sababu ilikuwa nyingine: mgeni wa nje hulazimika kuandikishwa serikalini kwa Fomu C ndani ya saa 24, na wenye nyumba ndogo wengi hawataki usumbufu huo. Basi pigeni simu kabla, mwulize kama wanapokea pasipoti za nje, wala msiulize tu kama chumba kipo. Bebeni pia noti ndogo ndogo, maana wenyeji hulipa kwa simu, na mwenye noti ya rupia mia tano huwatia kiwewe wauza dabeli. Dabeli ni mkate mdogo uliojazwa viazi vya viungo, njugu na punje za komamanga, na chakula hicho asili yake ni Mandvi hapo. Nilikula vitatu nikisimama. Saa saba mchana maduka mengi hufungwa hadi kumi, kama zamani kwetu Mji wa Kale, na pombe kwa jumla ni marufuku jimboni, jambo ambalo halikunisumbua.

Kasri la Vijay Vilas, lililojengwa miaka ya 1920, nililimaliza kwa saa moja. Siku mbili nzima nilizitumia kwenye ukingo wa mto Rukmavati, ambako majahazi ya mbao bado yanaundwa kwa mikono, makubwa kama nyumba ya ghorofa tatu, mataruma yake yakiwa wazi kama mbavu za nyangumi. Nililiomba ruhusa genge la mafundi kabla ya kupiga picha, wakanikaribisha chai. Nilipoona mmoja akisokomeza pamba kwenye nyufa za mbao nilisema, kwa Kiswahili, kwamba anakalafati. Mzee aliyeketi kivulini aligeuka, akalirudia neno hilo, kisha akaniuliza, kwa Kiswahili cha kukwaruza lakini cha kweli, kama samaki wa Mombasa bado ni rahisi. Nilimjibu kwamba hapana. Alisikitika sana.

Wakala bado hajanirudishia fedha.