Saa mbili za saruji: siku moja kwenye tabaka la barabara

Saa 12 asubuhi. Leo tunachanganya saruji na udongo wa changarawe wa barabara, ili tabaka lishikane. Upepo kwanza. Ukivuma kwa nguvu, saruji haifunguliwi.

Saa 1. Mifuko inapangwa. Wapita njia hudhani tunakadiria kwa macho. Tabaka la milimita 150, changarawe yenye uzito mkavu wa kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, ni kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Saruji ni asilimia 4 yake, yaani kilo 12. Kwenye upana wa mita 3.5, mfuko wa kilo 50 unakaa kila baada ya mita 1.2 hivi.

Saa 2. Mifuko inapasuliwa, saruji inasambazwa kwa reki, greda linageuza. Tunachimba vishimo: ukiona michirizi ya kijivu, bado haijachanganyika.

Saa 3, boza la maji halijafika. Hapa ndipo siku huharibika. Wengi huamini saa inaanza kuhesabiwa maji yakimwagwa, kumbe udongo wenyewe una unyevu, na saruji imeanza kushika tangu ilipougusa. Tuna saa mbili tu za kumaliza kushindilia. Dereva wa greda anauliza, "Fundi, tushindilie hivyohivyo?" Hapana. Udongo wenye unyevu mdogo haujipangi: juu utang'aa, chini utabaki umelegea. Na boza likija baada ya muda kwisha, kumwaga maji na kugeuza upya ni kuvunja kilichokwisha kushikana. Kipande hicho kitatiwa saruji mpya au kizolewe. Ndiyo maana mfuko usipasuliwe kabla boza halijasimama pembeni, limejaa. Udongo wa mfinyanzi wa kutiwa chokaa ungetuvumilia. Huo huchanganywa, ukapumzishwa siku moja au mbili, ndipo ukashindiliwa.

Boza likifika kabla muda haujaisha, maji yanamwagwa na kuchanganywa, na unyevu unapimwa kwa mkono. Finya tonge: likishikamana bila kulowesha kiganja, roli la kushindilia liingie, kutoka kingoni kuelekea katikati. Kusawazisha ni kwa kukwangua tu. Ukijaza kibonde kwa tabaka jembamba la udongo juu, litabanduka kama ganda la kidonda.

Jioni, migongo imekufa, kazi haijaisha. Tabaka linanyunyiziwa maji mepesi na litabaki na unyevu siku saba. Likikauka mapema linapasuka na uso unageuka vumbi. Tunaziba njia kwa mawe. Pikipiki ya kwanza tayari imesimama mbele yake, inapiga honi.